Diski Mbili, Soketi Moja

Chukua mpiga picha za harusi wa Gatongora, upande wa Ruiru. Ana diski mbili mezani, na kila picha ameinakili kwenye zote mbili. Wateja anawaambia wasiwe na shaka. Tupige hesabu tuone kama ana haki ya kusema hivyo.

Kwa takwimu za watengenezaji, haifiki hata diski moja katika 100 inayokufa kwa mwaka. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walifuatilia takriban diski 100,000 zilizokuwa kazini. Walikuta kwa kawaida zinakufa mbili hadi nne katika 100, na kwingine hata 13. Sisi tushike nne.

Diski zote mbili kufa mwaka mmoja, kila moja kwa ugonjwa wake, ni asilimia 4 ya asilimia 4: mara 1,600 katika milioni. Lakini nani huacha diski mbovu mezani mwaka mzima? Akinunua nyingine na kunakili upya ndani ya siku tatu, picha zitapotea tu iwapo ya pili itakufa katika siku hizo tatu. Hatari inashuka hadi mara 26 hivi katika milioni. Diski ni zilezile. Kilichobadilika ni wepesi wa kutengeneza.

Hata hivyo, hesabu hiyo ni halali endapo kila diski itakufa kivyake. Hizi zimechomekwa kwenye soketi moja, chini ya paa moja, nyuma ya kufuli moja. Stima ikirudi kwa nguvu kupita kiasi, huenda ikaziunguza zote. Mwizi naye haachi moja. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba moja katika 100 hupatwa na moto au wizi kwa mwaka: hiyo ni mara 10,000 katika milioni. Zile 26 zimemezwa.

Mnamo 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVH kiliungua Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba, nazo zikateketea pamoja na faili zenyewe, kwa kuwa zilikaa jengo lilelile.

Facebook ilijenga hifadhi inayogawa data vipande 10 na kuongeza vinne vya kimahesabu. Vyovyote 10 kati ya hivyo 14 hurudisha data yote. Hata hapo, usalama unategemea vipande kutawanywa kwenye mitambo isiyoweza kufa pamoja.

Lakini hata diski zilizotawanywa nchini hutegemea gridi moja ya stima: usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima. Faili lisilofunguka kwa saa kadhaa halijapotea, kwa hiyo usiogope gridi moja kama unavyopaswa kuogopa paa moja. Mpiga picha, peleka diski ya tatu kwa ndugu yako Nakuru, na kila mwezi mwombe afungue picha chache ahakikishe zinafunguka.