Kifua na sukari: magonjwa mawili katika mwili mmoja wa mtu wa mine

Katika makartie ya Kolwezi, Likasi na Kipushi, mtu wa mine akikohoa wiki mbili, jirani wanasema: "Ile ni vumbi tu, itapita." Akianza kukonda, kunywa maji bila kushiba na kuamka usiku kila saa kwenda kukojoa, wanasema: "Banamuloga." Leo tunapenda kuongea na ba papa wa mine na ba mama wa nyumba zao juu ya jambo ambalo wachache wanalijua: kifua kikuu na ugonjwa wa sukari (diabete) vinapenda kutembea pamoja, na kwetu vumbi la mawe njo linafungua mlango.

Vumbi laini la silisi likishaingia ndani ya mapafu halitoki tena, na linaua askari wa mwili wanaokula mikrobi. Sukari ikiwa juu, askari wale wanazidi kulegea. Mtu mwenye diabete iko na hatari mara mbili mpaka mara tatu ya kushikwa na kifua kikuu kuliko mwenzake. Kifua nacho kinapandisha sukari, sababu mwili wenye homa hauitikii insulini vizuri. Ndiyo maana tangu 2011 OMS inaomba kila mgonjwa wa kifua kikuu apimwe sukari. Asubuhi, bila kula, ikifika 126 mg/dl au zaidi, na kipimo cha pili kikisema vilevile, ni diabete. Kama hawakukupima, uliza mwenyewe: "Munganga, na sukari yangu?" Hakuna haya.

Shida kubwa iko kwa dawa. Za kifua ni za bure: nne pamoja miezi 2, kisha mbili miezi 4. Za sukari, unanunua. Minerval ya watoto ikifika, nyumba nyingi zinasema: "Ya sukari tutalipa mwezi unaokuja." Tunaelewa. Lakini sukari ikibaki juu, mikrobi inakawia kutoka katika makohozi, na hatari ya ugonjwa kurudi, hata ya kufa, inapanda.

Kuko mtego mwingine. Rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa mwekundu (si damu, usiogope), inafanya ini liunguze haraka glibenklamidi ambayo wengi wanakunywa kwa sukari. Baba anameza kidonge chake kila siku, sukari inapanda tu, na mama anamgombeza: "Unakunywa sukre kwa kujificha!" Pengine baba hana kosa. Metformini haiguswi sana, insulini pia, njo maana wanganga wengi wanachagua hizo. Miguu ikianza kuchoma kama sindano, sema mapema: inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa isoniazidi, na kwa hiyo ya pili kuko vitamini B6.

Juu ya chakula, tunasikia: "Iko na sukari, mupunguzie bukari." Kwa mtu aliyekonda na kifua, kumnyima chakula ni kumuua polepole. Ulaya kuko ugonjwa wa kuzaliwa, mukovisidozi, unaoharibu mapafu na kongosho pamoja na kuleta diabete. Kule wanganga hawapunguzi chakula, wanaongeza insulini. Mgonjwa wetu ale bukari kwa kiasi mara tatu kwa siku, na sombe, maharagi, samaki. Cha kuacha ni sukre na munkoyo uliotiwa sukari.

Sasa posti ya usiku. Mwenye kutumia insulini au glibenklamidi, akishuka bila kula, sukari inaweza kuanguka chini ya 70: jasho baridi, kutetemeka, maneno ya kama mlevi. Chef wa ekipe anaweza kumfukuza akizani amekunywa. Mfukoni kuwe na vipande vitatu vinne vya sukari. Anakula, anangoja dakika 15, kama haijapita anarudia, kisha anakula chakula. Akizimia, musimutie kitu mdomoni, mumpandishe juu haraka. Wengi wanaficha ugonjwa juu ya kuogopa kupoteza kazi, na woga huo hauna upuuzi ndani yake. Lakini angalau mwenzako mmoja wa ekipe ajue. Insulini ibaki nyumbani, kivulini, ndani ya chungu cha udongo chenye kulowanishwa maji, si ndani ya gari juani.

Mwezi wa 6 ukiisha, watu wanashangilia na kurudi kazini. Hapo ini linarudi kwa mwendo wake wa zamani katika wiki mbili hivi, na sukari iliyopandishwa na kifua nayo inaweza kushuka. Kama munganga alikuwa amekuongezea glibenklamidi, kipimo kilekile sasa ni kikali kupita. Uende kupimwa wiki hiyohiyo, mbele ya kushika tena posti ya usiku.