Mekatilili wa Menza na Sheria ya Kaya

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya sheria na siasa ni ya waliosoma tu. Lakini katika historia ya Wagiriama yuko bibi mmoja ambaye hakuwa na cheti wala kalamu, na hata hivyo Serikali ya Waingereza ililazimika kumsikiliza. Huyo ndiye Mekatilili wa Menza.

Katika mwaka 1913 maofisa wa Serikali walidai kodi ya nyumba, na zaidi ya hayo walitaka vijana waende kufanya kazi ya kibarua mbali na kwao. Wazee waliowekwa na Serikali hawakuwa na nguvu, kwa maana kwa desturi ya Wagiriama amri hutoka kaya. Mekatilili, aliyekuwa mjane, alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu, na watu walipokusanyika aliwahutubia. Kisha wakaenda Kaya Fungo kuapa: wanaume kiapo cha fisi, wanawake kiapo cha mukushekushe, kwamba hapana atakayeitii Serikali katika mambo hayo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao, na haikuandikwa popote.

Mwezi wa Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakahamishwa mpaka Kisii. Januari 1914 walitoroka wakarudi pwani, mwendo wa kukata nchi nzima. Agosti 1914 Serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Nyumba nyingi zilichomwa, watu wakauawa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili alikamatwa tena.

Hata hivyo kaya haikufa. Mwaka 1919 wawili hao walirudi Kaya Fungo, Wanje akaongoza baraza la wanaume, naye Mekatilili baraza la wanawake. Alifariki katika miaka ya 1920, na kaburi lake liko Bungale, katika nchi ya Magarini.

Leo sanamu yake imesimama mjini Malindi. Tangu Katiba ya 2010, kila kaunti, Kilifi ikiwamo, humchagua mwanamke wa kuiwakilisha Bungeni. Basi msomaji, ukipita pale na binti yako, simama kidogo umweleze kwamba njia hiyo ilianza kufyekwa zamani, na aliyeifyeka ni mama wa Kigiriama.