Utalii wa baiskeli Rwanda: lami imefika, usiku wa kulala umepungua

Anayekodisha baiskeli kaskazini na magharibi mwa Rwanda anaishi kwa hesabu ya siku. Mgeni akichukua baiskeli kwa siku tano, ndani yake mnalipwa chumba cha kulala, chakula cha jioni, kiongozi wa njia, gari la kubeba mizigo na fundi anayekagua breki kila asubuhi. Siku moja ikikatwa, wote hao wanakosa kwa mpigo mmoja. Wafanyabiashara wa njia hizo wanasema siku zinakatwa, na kinachozikata ni kitu walichokiomba wenyewe kwa miaka mingi, yaani barabara ya lami.

Njia inayotajwa zaidi ni ile ya kando ya Ziwa Kivu, yenye kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Ilipopangwa ilikuwa njia ya vumbi na mawe, mtembea kwa miguu akihesabiwa siku kumi na mwenye baiskeli siku tano. Vilima vyake havina muda wa kupumzika: unapanda, unashuka hadi kwenye kijito kinachoingia ziwani, unapanda tena. Tangu lami ilipounganisha pwani yote ya ziwa, mwenye baiskeli ya tairi nyembamba na miguu iliyozoea anaimaliza kwa siku mbili au tatu, na sehemu kadhaa za njia ya zamani zimemezwa na barabara yenyewe.

Mfanyabiashara mmoja aliyeanza kukodisha kabla ya lami, ambaye hakutaka jina wala mji wake utajwe kwa sababu anategemea vibali, alilieleza hili kwa uchungu na kwa urefu. Mtaji wake wote aliuweka kwenye baiskeli za milimani: tairi pana, uma wenye springi, fremu nzito zinazovumilia mawe. Leo mteja anayempigia simu anauliza kama ana baiskeli ya barabarani au ile ya katikati, ya tairi la wastani linaloweza lami na changarawe. Hana. Zilizoko stoo zinatoka wiki chache kwa mwaka, wakati wa kiangazi cha Juni hadi katikati ya Septemba, na hata hapo anapandwa na hasira anapoona mgeni mwenye fedha zaidi akishuka uwanja wa ndege na baiskeli yake ndani ya sanduku. Huyo anachohitaji kwake ni gari na dereva tu.

Lalamiko lake kubwa, hata hivyo, halihusu baiskeli. Linahusu nyumba ndogo za wageni za Rutsiro na Nyamasheke, zilizojengwa mahali ambapo miguu ya msafiri ilikuwa ikigoma saa tisa alasiri. Mwenye nyumba hakuhitaji tangazo, mlima ulimfanyia kazi hiyo. Sasa msafiri anafika hapo saa nne asubuhi, ananunua maji na ndizi mbili, anaendelea. Usiku analala kwenye hoteli kubwa za Karongi au Rubavu, zenye bwawa la kuogelea na mtandao wa kasi. Fedha haijatoka nchini, haijatoka hata mkoani, lakini imehama kutoka kwa mama mwenye vyumba vinne hadi kwa mwekezaji mwenye vyumba themanini. Alimuuliza mwandishi huyu swali moja zaidi ya mara moja: ni nani aliyehesabu usiku ule uliopotea?

Ukweli ni kwamba sehemu ya malalamiko yake haisimami. Lami ile haikujengwa kwa ajili ya waendesha baiskeli. Mkulima wa kahawa wa Nyamasheke anaipeleka buni yake kiwandani kabla haijaharibika, na mama mjamzito anafika hospitali. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeomba irudi vumbi. Pia wapo wageni, na si wachache kwa maelezo ya viongozi wa njia, wanaotafuta makusudi vijia vya udongo vilivyobaki juu ya barabara. Lakini swali la usiku uliopotea linasimama imara, na halina jibu katika ofisi yoyote.

Afisa mmoja wa sekta ya utalii, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa, alijibu kwa takwimu ambayo wafuatiliaji wa sekta wameshaizoea: mapato ya utalii ya mwaka 2024 yalifika dola milioni 647, ongezeko la asilimia 4.3 juu ya mwaka uliotangulia. Ni kiasi kikubwa kwa nchi ndogo, na hakuna sababu ya kukitilia shaka chenyewe. Shaka inaanza pale kinapotumika kueleza baiskeli. Ndani ya milioni hizo, sokwe peke yao waliingiza karibu dola milioni 200, na kibali cha kuwaona mtu mmoja ni dola 1,500 tangu 2017. Mikutano na matukio makubwa yaliingiza takribani milioni 85. Baiskeli haina mstari wake. Mgeni aliyepanda vilima kwa siku nne kisha akaenda kwa sokwe siku ya tano anaandikwa mtu wa sokwe. Aliyekuja kwa mashindano anaandikwa mtu wa matukio. Afisa alipoulizwa ni usiku ngapi wa kulala unaotokana na baiskeli, alisema utalii wa michezo unakua kwa kasi. Kasi kiasi gani, na kwa faida ya nani, hakufafanua, na ni vigumu kuona angefafanua vipi bila hesabu.

Mashindano ya dunia ya barabarani yaliyofanyika Kigali kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika, ndiyo yanayotajwa kila anapozungumza mtu wa serikali. Yalistahili kutajwa. Njia ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5 yenye jumla ya mpando wa mita 5,475, na kati ya walioanza, zaidi ya 160, waliofika mwisho walikuwa 30. Kwa muda wa wiki moja dunia ya baiskeli ilijua kwamba milima ya Rwanda si maneno ya matangazo. Ukuta wa mawe wa Kigali, mita 400 zinazopanda kwa asilimia 11, umekuwa mahali pa kuhiji kwa mashabiki.

Tatizo ni kwamba hija hiyo ni ya nusu siku. Waongoza wageni wa Kigali wanaeleza mpangilio unaojirudia: mgeni anakodi baiskeli asubuhi, anapanda ukuta, anapiga picha, anazunguka Mlima Kigali, anarudisha baiskeli kabla ya chakula cha mchana. Wachache wanaendelea siku ya pili hadi Shyorongi, wanashuka na kupanda kupitia Rulindo hadi bonde la Base, kisha wanaipanda Buranga kuingia Musanze. Siku hiyo ya pili, inayopita vijijini, ndiyo yenye faida kwa watu wengi zaidi, nayo ndiyo ngumu kuiuza. Barabara ni nyembamba, malori yanayotoka mpakani yanashuka kwa kasi, na pembeni hakuna nafasi ya kutosha kwa baiskeli mbili.

Kuna pia jambo ambalo kila mfanyabiashara wa Rubavu analizungumza kwa sauti ya chini. Tangu vita vilipoifikia Goma, ng'ambo ya mpaka, mwanzoni mwa 2025, baadhi ya serikali za Ulaya zimewaonya raia wao wasikaribie mpaka wa Kongo. Mwanzo wa njia ya Kivu uko pale pale. Bima ya safari ya mgeni hufuata onyo la serikali yake, hata kama mtaani Rubavu watu wanauza samaki kama kawaida. Wapo wanaoanzia safari Karongi na kuelekea kusini, yaani nusu ya njia, na nusu ya mapato.

Upande wa gharama picha ni mbaya zaidi. Vipuri vyote vya baiskeli za kisasa vinanunuliwa kwa dola, na faranga ya Rwanda, iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban 1,000 kwa dola moja mwanzoni mwa 2022, ilivuka 1,400 mwaka 2025. Cheni, kaseti na diski za breki haziji na kontena kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo kama zinavyokuja tairi na tyubu za baiskeli za kawaida, maana soko lake ni dogo mno kujaza hata kona ya kontena. Nyingi zinaingia ndani ya mabegi ya wageni na marafiki. Mkodishaji mmoja alisema baiskeli yake bora ililala zaidi ya mwezi ikisubiri kipande cha breki kinachoenea mfukoni.

Na breki kwenye vilima hivi si jambo la kuahirisha. Mteremko mrefu unapasha rimu joto mpaka raba za breki zinanuka, na za bei rahisi zinaisha kwa safari moja. Kwenye kituo kimoja bondeni, fundi anakata vipande vya tairi kuukuu kwa kisu, anavitoboa, anavifunga mahali pa raba zilizoisha. Kisha anageuza baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu na kushika chaki karibu na rimu, palipoguswa na chaki anakaza spoku nusu mzunguko. Wateja wake si watalii. Ni wabebaji wa viazi, maziwa na ndizi, na wale wa kubeba abiria wanaoitwa abanyonzi, ambao wanaposhuka na mzigo wanaongeza kandambili kama breki ya tatu.

Hawa ndio soko halisi la baiskeli milimani, na ni kosa la makala nyingi za utalii kuwapita. Ndio wanaomlipa fundi mwaka mzima, mvua za Machi hadi Mei zikiwemo, wakati mgeni haonekani. Baadhi ya Wanyarwanda waliofika kwenye mashindano ya kimataifa walijengea miguu kwenye kazi hii hii ya kubeba abiria. Hata hivyo sera inawaangalia kama tatizo la usalama: wanatakiwa kutoka barabarani jioni inapoingia, na anayekamatwa kwa kuchelewa anaweza kuiona baiskeli yake ikichukuliwa. Usalama ni hoja ya kweli, kwani wengi hawana taa. Lakini taa moja ya nyuma ni nafuu kuliko kipato cha jioni cha wiki chache, na hakuna aliyeweza kutuonyesha mpango mpana wa kuwapatia.

Kiangazi kijacho kitakuwaje? Wakodishaji waliozungumza na gazeti hili wamegawanyika. Wa Kigali wana matumaini, kwa sababu jina la mashindano bado lina uzito na oda za siku moja zinaingia. Wa Musanze wanasubiri. Wa pwani ya Kivu wengi wana wasiwasi, na wanaongeza kwenye orodha tozo ya asilimia 3 juu ya malazi iliyoanza Julai 2025, ambayo mgeni wa hoteli kubwa haioni lakini mwenye vyumba vinne lazima aiandike, aikusanye na aiwasilishe. Afisa wetu anasema tozo hiyo itarudi kuboresha utalii. Huenda. Ombi la wenye nyumba ndogo ni dogo kuliko hilo: hesabu ya usiku wa kulala kwa kila wilaya, itenganishwe kwa aina ya msafiri, na itangazwe kila mwaka. Bila hiyo, mwenye nyumba wa Rutsiro hawezi kujua kama aongeze chumba cha tano au ageuze vinne alivyo navyo kuwa stoo ya kahawa. Wawili kati ya tuliozungumza nao wameshaanza kupima gharama za stoo.