Uzito Mbele, Hewa Nyuma: Jinsi Gari la Kasi Linavyoshika Njia

Tangu Safari Rally iliporejea katika Mashindano ya Dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana kwa miaka 19, watazamaji wamezoea kuona magari yakiserereka katika vumbi la Naivasha na madereva wakiyarudisha njiani kwa usukani. Msomaji wa Tudor, Mombasa, ameuliza ni nini basi kinachozuia gari la rekodi ya kasi ya ardhini lisiserereke vivyo hivyo na kupinduka. Swali lina uzito, kwa kuwa gari la Thrust SSC, lililoendeshwa na Andy Green katika jangwa la Black Rock, Nevada, tarehe 15 Oktoba 1997, liliweka rekodi ya kilomita 1,227.985 kwa saa, kasi inayozidi ile ya sauti, na kila sekunde lilipita takriban mita 341, umbali unaokaribia urefu wa Daraja la Nyali.

Jibu halimo katika tairi. Mpira ungepasuka kwa kuzungushwa kwa kasi hiyo, ndiyo maana gari hilo lilivishwa magurudumu ya aluminiamu tupu, ambayo juu ya udongo mkavu hayashiki kama tairi inavyoshika lami. Wakati huohuo msukumo wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiongezeka mara 12, kutoka kilomita 100 hadi 1,200 kwa saa, msukumo huongezeka mara 144.

Kila chombo kina vitovu viwili vinavyoamua hatima yake. Cha kwanza ni kitovu cha uzito, mahali ambapo chombo kikining'inizwa hubaki sawasawa bila kuinamia upande wowote. Cha pili ni kitovu cha kani ya hewa, mahali ambapo misukumo yote inayoupata ubavu wa chombo inaweza kuhesabiwa kuwa msukumo mmoja. Na hapa inafaa kusema kani ya hewa badala ya upepo, kwa sababu jangwa laweza kuwa shwari kabisa, na hewa inayosukuma ikawa ni ile inayopasuliwa na gari lenyewe.

Mpangilio wa vitovu hivi unaonekana wazi katika mshale, silaha ambayo Waata, wawindaji wa tembo wa nyika iliyo nyuma ya Mombasa, waliitumia kwa ustadi mkubwa. Chembe ya chuma huupa mshale uzito wa mbele, nayo manyoya yaliyofungwa mwishoni mwa wano ni mepesi lakini mapana, hivyo kitovu cha uzito huwa mbele na kitovu cha kani ya hewa huwa nyuma. Mshale unapoachiwa na upote, chembe ikipotoka kushoto, ubavu wa kulia huikabili hewa, hewa huyasukuma manyoya kushoto, na kwa kuwa manyoya yako nyuma ya kitovu cha uzito, mkia hurudi kushoto na chembe hurudi kulia, hadi mshale unyooke. Kadiri unavyopotoka ndivyo unavyosahihishwa kwa nguvu zaidi, bila mwindaji kuugusa. Manyoya hayohayo yangefungwa karibu na chembe, hewa ileile ingeisukuma chembe izidi kwenda kushoto, na mshale ungegeuka kinyumenyume kabla ya kufika.

Thrust SSC liliundwa kwa kanuni hiyohiyo: injini mbili za jeti za Rolls-Royce Spey ziliwekwa mbele, pande mbili za dereva, huku mkia mwembamba ukibeba pezi kubwa la wima. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba ile kani iliyoongezeka mara 144, ambayo ingeliangamiza gari lililopangwa vibaya, hulinyoosha lililopangwa vyema kwa nguvu iliyoongezeka kwa kiwango hichohicho. Umuhimu wa pezi ulionekana pia kwa dereva mwingine wa magari ya rekodi, Donald Campbell, aliyepata ajali mbaya katika gari lake, Bluebird CN7, huko Bonneville, Marekani, mwaka 1960. Gari lilipojengwa upya liliongezewa pezi refu, na tarehe 17 Julai 1964 lilifikia kilomita 648.73 kwa saa katika Ziwa Eyre, Australia. Hata hivyo pezi pekee halimalizi kazi: hushika pia upepo wa ubavuni, na pua ya gari nayo lazima izuiwe isiinuke.

Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopo hapohapo Tudor, wanaweza kuijaribu kanuni hii kwa gari dogo la kadibodi lenye udongo wa mfinyanzi puani na pezi mkiani. Uzi hufungwa kwenye kitovu cha uzito, gari likazungushwa hewani. Pua ikitangulia, vitovu vimepangika, na likienda ubavu, udongo huongezwa puani au pezi hupanuliwa, kisha jaribio hurudiwa kabla ya mtu yeyote kufikiria injini.