Fahamu: Mapunye ni nini, na kwa nini mafuta ya kupaka hayatoshi?

Mapunye ni ugonjwa wa fangasi wa ngozi ya kichwa unaowapata zaidi watoto ambao hawajabalehe. Huleta mabaka yenye magamba, muwasho, na nywele zinazokatika hadi kubaki vidoa vyeusi.

Kwa nini kupaka tu hakuponyi

Fangasi hawa hawakai juu ya ngozi pekee. Huingia ndani ya unywele na kwenye tundu unamoota, mahali ambapo krimu haifiki. Ndiyo maana tiba ni dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kama griseofulvini, ambayo hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na chakula chenye mafuta. Wapo wanaosema kunyoa kipara kunatosha. Wembe haufiki shinani, na mashine ya kinyozi isiyosafishwa (wangapi huisafisha?) huweza kuhamishia fangasi kichwa kinachofuata. Hofu ya kummezesha mtoto dawa kali inaeleweka, lakini dozi hupangwa na daktari kulingana na uzito, ilhali mapunye yakifikia hatua ya uvimbe wenye usaha na kupuuzwa yanaweza kuacha kovu lisiloota nywele tena. Shampuu ya ketokonazoli haiponyi peke yake. Husaidia kupunguza maambukizi kwa wengine, na mtoto aliyeanza dawa anaweza kuendelea na shule.