Sài Gòn: Jiji Lililorudi Likiwa Kata

Waulize wenyeji wengi wa Jiji la Ho Chi Minh, kusini mwa Vietnam, wanaishi wapi. Watakujibu tu: Sài Gòn. Jina hilo lilifutwa rasmi Julai 2, 1976, mwaka mmoja baada ya vita kwisha, jiji likapewa jina la kiongozi wa mapinduzi. Lakini mto ulibaki Mto Sài Gòn, stesheni ya treni ikabaki Sài Gòn, na midomo ya watu ndiyo kabisa haikubadilika. Julai 1, 2025 jina likarudi kwenye ramani ya utawala. Ila safari hii ni la kata!

Kwa nini kata? Twende polepole.

Wafaransa waliiteka Sài Gòn mwaka 1859, na baadaye wakajenga kitovu cha utawala wao karibu na mto. Kanisa kuu la Notre-Dame na Posta Kuu bado vipo pale. Kuanzia 1955 hadi 1975 jiji hilo lilikuwa makao makuu ya Vietnam Kusini. Jiji liligawanywa kwa ngazi: jiji, wilaya, kata. Wilaya nyingi zilipewa namba, na kitovu kile kikawa Wilaya ya 1. Kata zake nazo zilikuwa na namba hadi 1988, zilipounganishwa na kupewa majina. Kata yenye kanisa na posta ikaitwa Bến Nghé, jina la zamani la gati la eneo hilo.

Wilaya ya 1 ilikaa na kata 10 hadi mwaka 2025. Hapo serikali ikaamua kupanga upya nchi nzima. Mikoa na majiji yenye hadhi ya mkoa yakapunguzwa kutoka 63 hadi 34. Ngazi ya chini, yaani kata na wenzake wa vijijini, ikatoka 10,035 hadi 3,321. Na ngazi ya wilaya? Ikafutwa kabisa, katiba ikarekebishwa ili iruhusu hilo. Jiji lenyewe likaunganishwa na mikoa ya Bình Dương na Bà Rịa–Vũng Tàu, likawa na kata na vijiji 168 pamoja na eneo maalumu la visiwa vya Côn Đảo ndani ya hesabu hiyo.

Kata 10 za Wilaya ya 1 zikawa 4: Tân Định, Bến Thành, Cầu Ông Lãnh na Sài Gòn. Hii ya mwisho imechukua Bến Nghé yote na vipande vya Đa Kao na Nguyễn Thái Bình. Ukubwa wake ni kama kilomita 3 tu za mraba.

Wengi waliishia kwenye furaha ya jina, na siwalaumu. Mimi kinachonivutia zaidi ni mhuri. Zamani mwananchi aliyetaka huduma fulani alipandishwa kutoka kata hadi wilaya. Sasa wilaya haipo, na sehemu kubwa ya kazi zake imeshushwa kwenye kata. Kwa hiyo ofisi ya kata ina madaraka makubwa kuliko zamani, lakini pia inahudumia watu wengi zaidi, na kwa wengine iko mbali zaidi na mlango wa nyumba. Watumishi wa wilaya wamehamishiwa chini, wengine wamestaafu mapema.

Tunapofundishwa darasani kwamba kushusha madaraka ni kuisogeza serikali kwa wananchi, mfano huu unatulazimisha kuuliza maswali mawili badala ya moja: madaraka yameshuka hadi ngazi gani, na ngazi hiyo imepanuliwa kiasi gani? Yanaweza kushuka ngazi moja, huku foleni ya anayesubiri mhuri ikirefuka.