Agizo Lililotumwa Si Agizo Lililopokelewa: Usalama wa Mgonjwa katika Mifumo ya Kielektroniki ya Kumbukumbu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika tiba, mali hiyo ni afya ya mgonjwa, na daftari ni kumbukumbu zake: historia ya ugonjwa, vipimo alivyofanyiwa, dawa alizopewa, mzio alionao na tarehe anayotakiwa kurudi. Kwa muda mrefu daftari hilo limekuwa jalada la karatasi. Hivi sasa hospitali nyingi, kubwa kwa ndogo, zinalihamishia kwenye kompyuta. Makala haya yanaeleza faida ambazo mfumo wa kielektroniki humletea mgonjwa, mahali ambapo unaweza kumdhuru bila mtu yeyote kutambua, na wajibu wa mtumishi wa afya na wa mgonjwa mwenyewe katika kuzuia madhara hayo.

Kazi mbili za kumbukumbu

Kumbukumbu ya mgonjwa ina kazi kuu mbili. Ya kwanza ni kuhifadhi, yaani kumwezesha daktari wa leo kujua alichokiona daktari wa jana. Ya pili ni kupeleka. Daktari anapoandika kwamba mgonjwa apigwe picha ya kifua, aonwe na bingwa wa macho au arudi baada ya wiki nne, maandishi hayo ni agizo linalopaswa kumfikia mtu mwingine ili alitekeleze. Aghalabu tunapozungumzia kompyuta hospitalini huifikiria kazi ya kwanza pekee. Hata hivyo, ni katika kazi ya pili ambamo hatari kubwa hujificha.

Katika utaratibu wa karatasi, agizo huonekana kwa macho. Ni fomu ambayo mgonjwa huibeba mkononi hadi kwenye dirisha la maabara. Akifika pasipohusika, mtumishi huitazama na kumwambia, "Hii si ya hapa, nenda chumba namba sita." Masahihisho madogo ya namna hii hayaandikwi katika mwongozo wowote, lakini ndiyo yanayoufanya mfumo wa karatasi uendelee licha ya upungufu wake mwingi. Agizo likiingizwa kwenye kompyuta, fomu hutoweka, na macho yale yaliyokuwa yakilisindikiza hutoweka pamoja nayo. Usalama wa mgonjwa sasa hutegemea kama waliouandaa mfumo walikumbuka kumpa mtu fulani kazi iliyokuwa ikifanywa na macho hayo.

Mfano wa mfumo mkubwa: wanajeshi wastaafu wa Marekani

Miongoni mwa mifumo mikubwa ya huduma za afya duniani ni ule wa Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama VA. Watu wapatao milioni 9 wameandikishwa humo, nao huhudumiwa katika hospitali zaidi ya 170 na vituo vya wagonjwa wa nje zaidi ya 1,000. Historia ya kumbukumbu zake inatufundisha pande zote mbili za jambo hili.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, VA ilijenga mfumo wake yenyewe, ambao baadaye uliitwa VistA. Waandishi wa programu walifanya kazi ndani ya hospitali, bega kwa bega na madaktari na wauguzi, hivyo kasoro ilipoonekana wodini ilirekebishwa na watu waliokuwa karibu. Mojawapo ya maboresho mashuhuri lilitokana na muuguzi wa Topeka, katika jimbo la Kansas, aliyeitwa Sue Kinnick. Alipokuwa akirudisha gari la kukodi aliona gari hilo likisajiliwa kwa kifaa cha mkononi kinachosoma alama za mistari. Akajiuliza kwa nini njia hiyo isitumike wodini. Wazo lake lilizaa utaratibu ambao muuguzi husoma kwa kifaa alama iliyo kwenye bangili ya mgonjwa na ile iliyo kwenye dawa kabla ya kuitoa. Dawa isiyo ya mgonjwa huyo ikiletwa, kompyuta hutoa onyo.

Faida ya kazi ya kuhifadhi ilidhihirika Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipoifurika New Orleans. Majalada mengi ya karatasi katika mji huo yaliharibiwa na maji. Wanajeshi wastaafu waliokimbilia miji mingine waliweza kutibiwa na madaktari waliosoma kumbukumbu zao kwenye kompyuta, zikiwa na orodha ya dawa na matokeo ya vipimo.

Mwaka 2018 VA iliingia mkataba na kampuni ya Cerner ili kuubadilisha mfumo huo wa zamani, lengo moja likiwa kuuwezesha kushirikiana na kumbukumbu za wanajeshi walio kazini. Mfumo mpya ulianza kutumika Oktoba 2020 katika hospitali ya Mann-Grandstaff, mjini Spokane, jimbo la Washington.

Foleni isiyojulikana

Julai 2022 ofisi ya mkaguzi mkuu wa VA ilitoa taarifa iliyowashtua wengi. Ndani ya mfumo mpya palikuwa na mahali palipoitwa "foleni isiyojulikana". Daktari alipotuma agizo ambalo kompyuta haikuweza kulilinganisha na idara au kliniki iliyosajiliwa, agizo hilo halikurudishwa kwake likiwa na onyo. Lilipelekwa kwenye foleni hiyo na kubaki humo. Kwenye skrini ya daktari lilionekana limetumwa. Mpokeaji hakuwa na habari nalo, na watumishi waliokuwa wakiutumia mfumo hawakuwa wameelezwa kwamba foleni hiyo ipo.

Kati ya Oktoba 2020 na Juni 2021, maagizo zaidi ya 11,000 yaliishia humo. Yalikuwa maagizo ya rufaa kwa mabingwa, ya vipimo na ya miadi ya kurudi kliniki. Mapitio yaliyofanywa na VA yalibaini matukio 149 ya wagonjwa kupata madhara: 96 madogo, 52 ya wastani na moja kubwa. Katika tukio hilo kubwa, mgonjwa asiye na makazi, ambaye ilijulikana kuwa yumo katika hatari ya kujiua, aliandikiwa miadi ya kurudi kuonana na daktari wa afya ya akili. Agizo liliingia kwenye foleni isiyojulikana na miadi haikupangwa. Baadaye mgonjwa huyo alipiga simu ya msaada ya wanajeshi wastaafu akieleza kwamba anakusudia kujiua. Alifikiwa kwa wakati na kulazwa hospitalini.

Hakuna daktari aliyesahau kuandika, wala muuguzi aliyepuuza alichoagizwa. Kila mmoja alitimiza sehemu yake kama alivyoiona kwenye skrini. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, "Je, kile nilichotuma kimepokelewa?" Aprili 2023 VA ilisitisha kuupeleka mfumo huo katika hospitali nyingine ili kasoro zake zishughulikiwe kwanza.

Funzo la Mosoriot

Karibu nasi upo mfano mwingine, mdogo kwa ukubwa wakati wa kuanzishwa kwake. Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu wa kielektroniki ulioandaliwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Waasisi wake hawakuwaondolea watumishi karatasi kwa siku moja. Mtoa huduma aliendelea kujaza fomu, mgonjwa akaibeba, na karani akaingiza taarifa kwenye kompyuta. Tathmini iliyofuata ilionyesha kwamba muda ambao mgonjwa hutumia kituoni kwa hudhurio moja ulipungua kwa asilimia 22. Kutokana na kazi hiyo, taasisi za Marekani zikishirikiana na wenzao wa Eldoret, ulizaliwa mfumo wa OpenMRS mwaka 2004, ambao sasa unatumika katika nchi nyingi.

Utafiti uliofanyika baadaye Eldoret miongoni mwa watoto wanaoishi na Virusi vya UKIMWI unaonyesha kompyuta inapofanya vizuri kazi ya kupeleka. Kompyuta ilipekua kumbukumbu za kila mtoto na kuchapisha kwenye karatasi mambo yaliyochelewa kufanyika, kama vile kipimo fulani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Pale watoa huduma walipopewa vikumbusho hivyo, asilimia 68 ya mambo yaliyochelewa yalitekelezwa. Pale ambapo hawakupewa, ni asilimia 18 tu. Teknolojia hiyo haikuwa ya gharama kubwa. Nguvu yake ilikuwa kwamba ujumbe ulifika mikononi mwa mtu mwenye uwezo wa kutenda, wakati mgonjwa yuko mbele yake.

Wajibu wa watumishi wa afya

Kwanza, kabla ya mfumo mpya kuanza, fuateni safari ya kila aina ya agizo kuanzia kwa anayeandika hadi kwa anayetekeleza, kisha mtaje kwa cheo mtu anayelipokea. Fanyeni majaribio kwa maagizo yasiyo ya kweli, yakiwemo yenye makosa, mwone yanaishia wapi.

Pili, teueni mtumishi wa kukagua kila siku maagizo ambayo hayajatekelezwa. Kazi hii iwe kwenye ratiba ya zamu, isiachwe kwa hisani ya mtu.

Tatu, mthibitisheni mgonjwa kwa vitambulisho viwili au zaidi, kwa mfano jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Katika jamii zetu watu wengi wana majina yanayofanana, na kufungua jalada la mtu mwingine kwenye kompyuta huhitaji kosa la kidole kimoja.

Nne, wekeni fomu za akiba kwa ajili ya siku ambayo umeme au mtandao utakatika, na mkubaliane mapema nani ataingiza taarifa hizo baadaye.

Tano, kila mtu atumie nywila yake mwenyewe. Taarifa za afya zinalindwa na sheria: nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2019, na Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Nywila inayotumiwa na wodi nzima huondoa uwezekano wa kujua nani alifungua jalada la nani, au nani alibadilisha agizo.

Wajibu wa mgonjwa

Ndugu mgonjwa, kompyuta ya hospitali haikuondolei haki ya kuuliza. Unapoambiwa kwamba kipimo chako "kimeshatumwa", uliza kimetumwa wapi na utapata majibu lini. Unapoandikiwa rufaa au siku ya kurudi, omba tarehe iandikwe kwenye kadi yako, na uliza namba ya simu utakayopiga iwapo siku hiyo itapita bila kuitwa. Kagua kama jina lako, umri wako, dawa unazotumia na mzio wako vimeandikwa sawasawa. Kadi na karatasi zako za zamani usizitupe.

Iwapo wiki mbili ulizoahidiwa zimepita na hujasikia lolote, usidhani kwamba kimya maana yake majibu ni mazuri. Huenda agizo lako limekwama mahali ambapo hakuna anayetazama, na swali lako ndilo litakalolifichua. Nasi watumishi wa afya tulipokee swali hilo kwa shukrani, tufungue kompyuta mbele ya mgonjwa, na tusimruhusu aondoke kabla ya kuona lilipofikia agizo lake.